Mchungaji na Hazina Yake: Uhakiki wa Riwaya ya Paulo Coelho

Utamaduni wa taifa haukui kwa kujifungia ndani. Mwaka 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Julius Nyerere alihimiza kufufuliwa kwa mila zetu zilizo njema, na papo hapo akaonya vikali dhidi ya taifa linalokataa kujifunza kutokana na tamaduni za wengine. Lakini kujifunza si kumeza. Cha mgeni nacho hutafunwa. Kwa nia hiyo tunaipima hapa riwaya ya Paulo Coelho wa Brazili, *O Alquimista*, iliyotoka mwaka 1988 kwa Kireno na ambayo vijana wengi wa dunia wameisoma katika lugha zao.

Kisa chake ni chepesi. Santiago, kijana mchunga kondoo wa Andalusia, kusini ya Hispania, alala katika kanisa lililobomoka, ambamo mkuyu umeota, na kuota ndoto ya hazina iliyoko kwenye piramidi za Misri. Mzee ajiitaye Melkizedeki, mfalme wa Salemu, amshauri aifuate ndoto hiyo, na ujira wake ni sehemu ya kumi ya kundi: kondoo 6 katika 60. Waliosalia wauzwa, bahari yavukwa, jangwa lapitwa. Penye piramidi kijana apigwa na kunyang'anywa mali. Mmoja wa waliompiga amcheka na kumwambia kuwa yeye naye aliwahi kuota hazina, iliyofukiwa chini ya mkuyu wa kanisa bovu huko Hispania, wala hakuwa mjinga wa kuifuata. Santiago arejea, achimba, apata.

Wasomaji wa *Alfu Lela Ulela* watakitambua kisa hiki. Humo mna mtu wa Baghdad aliyefilisika, akaoteshwa kwamba riziki yake iko Misri. Alipofika Kairo alikamatwa, akapigwa, akafungwa. Na liwali aliyemhoji akamcheka kwa kumsimulia ndoto yake mwenyewe, ya hazina iliyo katika nyumba moja ya Baghdad. Nyumba hiyo ilikuwa ya yule yule mfungwa! Hatumlaumu Coelho kwa kuazima, maana hadithi ni mali ya wasimulizi wote. Lililo muhimu ni alichokibadili. Katika hadithi ya kale riziki hutoka kwa Mungu, na mwanadamu hustaajabu tu. Katika riwaya hii nguvu imehamishiwa katika haja ya moyo: tunaambiwa tena na tena kwamba mwenye kutaka kwa dhati husaidiwa na ulimwengu wote.

Fundisho hilo ndilo tunalolitilia shaka. Wapo vijana wengi ambao wametaka kwa dhati na hawakupata, kwa sababu ya ukame, maradhi, au ukosefu wa karo. Tukiwafundisha kuwa kutaka kunatosha, mwenye kushindwa atadhani kwamba moyo wake ndio wenye kasoro.

Hata hivyo, riwaya yenyewe ina ushahidi wa kulipinga fundisho lake, nao umo katika sehemu ya Tangier. Siku ya kwanza tu Santiago aibiwa fedha zote. Apata kazi katika duka la vyombo vya kioo lililo mlimani, ambalo biashara yake imelala. Asafisha vyombo, atengeneza kabati la maonyesho mbele ya duka, ashauri chai iuzwe katika bilauri kwa watu wanaopanda mlima. Karibu mwaka mzima wapita kabla hajapata nauli ya kuendelea na safari. Hapo ulimwengu haukumletea kitu. Mikono yake ndiyo iliyoleta. Mchumia juani hulia kivulini.

Mkabala wake ni mwenye duka. Mzee huyu ni Mwislamu, na haja yake kuu ni kuhiji Makka. Fedha zinapokuja haendi, kwani anachelea kuwa ndoto ikishatimia hatabakiwa na sababu ya kuishi. Haja anayo, tena ya miaka mingi, lakini haimfikishi popote. Kwa maoni yetu mhusika huyu ndiye aliyechorwa vizuri kuliko wote, kwa kuwa ana hofu tunayoijua, ilhali wahusika wengi waliobaki ni vinywa vya kutolea hekima.

Dosari nyingine ni Fatima, msichana wa chemchemi ya jangwani ambaye Santiago ampenda. Wanaume wa riwaya hii wana safari. Yeye amepewa kungoja, na mwandishi amemfanya aridhike. Mwalimu asiipite sehemu hiyo kimya. Na awaulize wanafunzi, hasa wasichana: je, hazina ya Fatima iko wapi, na nani atakayemwuzia kondoo ili aitafute?

Basi kitabu hiki kisomwe madarasani, kwa kuwa lugha yake ni nyepesi na kinamtia kijana hamu ya kutoka na kuona. Ila kisomwe kwa kulinganisha linalosemwa na linalotendwa. Mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa nini kijana alifika Misri na mwenye duka hakufika Makka, atakuwa ameielewa riwaya kuliko yule aliyekariri hekima zake zote.