Draivu ya Mota Mezani: Nini Kitangulie, Nini Kifuate

Karakana nyingi za mitaani zina umeme wa fezi moja tu, na mota nzuri ya fezi tatu hubaki kwenye kona ikila vumbi. Draivu ya kuiamsha inaweza kujengwa mezani, mradi fundi ajue moduli ya nguvu imempunguzia kazi ipi na imemwachia ipi.

Zamani ulihitaji transista sita, kila moja na saketi yake ya kuiendesha, na kosa dogo la waya liliziunguza zote kwa mkupuo. Mwaka 1997 Mitsubishi Electric ya Japani ilianza kuuza moduli ndogo za plastiki kwa ajili ya vifaa vya nyumbani kama viyoyozi na mashine za kufulia. Ndani yake mna transista sita za IGBT, dayodi zake, saketi za kuziendesha, ulinzi wa shoti na ulinzi wa volti kushuka. Leo kampuni kadhaa zinatengeneza za aina hiyo.

Mfano wangu ni mota ya kilowati 0.75, yenye kibati kilichoandikwa volti 230/400. Kwa kuwa umeme ni wa volti 230, nimeifunga kwa pembetatu, nayo hula takriban ampia 3.3. Moduli ya volti 600 na ampia 10 inaimudu. Umeme ukishapita kwenye dayodi na kapasita kuu hufika volti 325. Hapo pana mtego: wimbi la kawaida la sini huipa mota takriban volti 199 tu. Ukilichanganya na wimbi lenye masafa mara tatu, unazipata 230 zote. Mota hupewa volti 4.6 kwa kila hezi moja, kwa hiyo kwenye hezi 25 inapata 115.

Baada ya hesabu, kazi yote ni mpangilio. Kapasita kuu ya maikrofaradi 470 ikiwa tupu huonekana kama shoti. Basi umeme hupitia kwanza rezista ya omu 47, na sekunde moja baadaye relei huiruka. Transista tatu za juu nazo hutegemea kapasita ndogo zinazojazwa pale tu za chini zinapowashwa. Programu ikisahau kuzitanguliza za chini, ulinzi wa volti ndogo huzizima za juu na mota hutetemeka bila kuzunguka. Kisha, kila transista ya juu inapopokezana na ya chini, programu huacha pengo la maikrosekunde 2, zisije zikawaka pamoja.

Ulinzi wa shoti unastahili uangalifu kuliko yote. Moduli nyingi hukata zikiona karibu nusu volti juu ya rezista ya kupimia mkondo, kwa hiyo rezista ya omu 0.05 huweka kikomo cha ampia 10. Njia kutoka rezista hiyo hadi pini ya moduli iwe fupi kabisa, kwani ndefu huokota kelele za umeme na ulinzi ukakata bila sababu. Kapasita ya filamu ya maikrofaradi 0.1 ikae ubavuni mwa pini za nguvu, imeze miruko ya volti kila transista inapozima.

Kujaribu pia kuna daraja zake. Anza na volti 30 na balbu ya uzi iliyofungwa kwa mfululizo, ndipo upande. Usifunge kamwe klipu ya ardhi ya osiloskopu kwenye upande hasi wa saketi bila transfoma ya kutenganisha, maana upande huo si ardhi. Unaposimamisha, shusha masafa taratibu. Mota inayopunguzwa kasi ghafla hurudisha umeme, na kapasita ya volti 400 haina nafasi kubwa juu ya 325.

Ukizima, kapasita kuu bado imebeba takriban jouli 25, zinazoweza kuua. Rezista ya kilo-omu 100 huimaliza kwa dakika nne hivi. Ngoja dakika hizo, weka testa, soma sifuri, ndipo mkono ufuate. Moduli haina ulinzi wa hatua hiyo. Ni ya fundi peke yake.