Mombasa katika Kauli ya Kutendwa

Kila aliyefanya KCSE anakumbuka mnyambuliko wa vitenzi. Piga, pigia, pigana, pigwa. Mwalimu anachora jedwali ubaoni, wewe unanakili, na hakuna anayekwambia hii kitu itakufaa wapi maishani. Mimi ilinifaa Mombasa. Nililipia ziara ya kutembezwa Mji wa Kale kwa miguu, muda wa saa mbili na ushee, na tulipomaliza daftari langu lilikuwa limejaa vitenzi vya aina moja. Mji ulivamiwa 1505, ukachomwa. Ukavamiwa tena 1528. Ngome ikaanza kujengwa 1593. Ikazingirwa 1696, ikatekwa 1698. Mji ukachukuliwa na Seyyid Said 1837, ukakodishwa Waingereza 1895.

Kauli ya kutendwa, mwanzo mwisho. Watendaji ni watatu: Mreno, Mwarabu na Mwingereza. Mmoja akichoka, mwingine anashika zamu. Mswahili, ambaye huu mji ni wake, hana kitenzi. Anaonekana pembeni tu, kama wale watu wa nyuma kwenye sinema, akiuza samaki ama amekaa barazani. Hilo ndilo lalamiko langu, na nitajaribu kulitetea kwa haki, kwa sababu ziara yenyewe si mbaya.

Utauliza, kwani matembezi pia yanahakikiwa? Mbona yasihakikiwe? Ni hadithi. Yana msimulizi, mandhari, ploti na wahusika, na yanauzwa. Pengine yanasikilizwa na watu wengi kuliko riwaya nyingi za Kiswahili zinavyosomwa. Mgeni akishapanda ndege kurudi kwao, alichosimuliwa pale ndiyo Mombasa yake. Na siyo wageni wa ng'ambo tu. Sisi wa bara pia tunashuka na treni, tunapiga selfi penye milango, tunarudi Nairobi na stori ile ile.

Tulikuwa watano: wazungu watatu, jamaa mmoja wa Nakuru na mimi. Msimulizi wetu alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia ya mkono, na lugha ya ziara ilikuwa Kiingereza. Huyu mzee ana kipaji. Anajua ukuta gani una kivuli saa ngapi, na anakusimamisha pale pale bila kukuonyesha kwamba anakuhurumia. Kila hatua kumi anaamkiwa, anaitikia, anarudi kwenye sentensi aliyoiacha. Hakusoma karatasi hata mara moja. Kama ungekuwa mtihani wa fasihi simulizi, kwa utendaji ningempa A.

Shida iko kwenye mswada, na mswada haukuandikwa na yeye.

Tuanze Fort Jesus, kwa sababu ziara nyingi huanzia hapo. Tukaambiwa msanifu alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Ati ukiitazama Ngome kutoka juu, ina umbo la mtu aliyelala. Waingereza waliifanya gereza mpaka 1958. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Sawa. Halafu tukafika kwenye vita vya 1696 hadi 1698, na hapo stori ikawa mechi ya timu mbili: Wareno ndani, Waomani nje, miezi 33, Waomani wakashinda.

Lakini kati ya mwaka 1697 kulitokea jambo ambalo lingemfanya yeyote asahau simu yake. Maradhi na njaa viliwamaliza Wareno waliokuwa ndani. Ngome haikuanguka. Aliyeishika ni Sheikh Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wengi wao wanawake, wapatao 50. Walishikilia mpaka meli za Wareno zikaleta askari wengine. Manze, fikiria hiyo picha: ngome ya mfalme wa Ureno, ndani yake hakuna Mreno, na ukutani wamesimama mwanamume wa kisiwa cha Pate na wanawake ambao majina yao hatunayo. Kwa nini Faza walisimama upande huo? Kwa sababu miji ya Waswahili ilikuwa na ugomvi wake yenyewe, na kila mmoja ulichagua mgeni wa kumtumia. Huyo si mtu wa kutendwa. Ni mtu mwenye hesabu zake, nzuri ama mbaya.

Ama chukua Yusuf bin Hassan. Baba yake, mfalme, aliuawa. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa awe mfalme chini ya Wareno. Mwaka 1631 akaingia Ngomeni, akamuua kapteni, akaishika. Mwaka uliofuata akaubomoa sehemu yake, akaiacha na kuingia baharini. Shakespeare angelilia mhusika kama huyu. Kwenye ziara yetu alipewa dakika moja, kisha tukaonyeshwa mizinga.

Tukatoka tukaingia Ndia Kuu, na hapo ndipo milango. Mlango wa mbao uliochongwa ni kitu kizuri, sitabisha. Lakini tukaambiwa ile misumari ya shaba ni ya kuzuia ndovu wa vita. Hebu angalia mtaa wenyewe. Mkokoteni wa maji ukipita, wewe unapanda barazani. Ndovu wa vita angepitia wapi? Ule ni mtindo uliokuja na wafanyabiashara na mafundi kutoka India, ukawa pambo na njia ya tajiri kusema ana pesa. Na hizo roshani za mbao tunazopiga picha kama za enzi za Vasco da Gama, nyingi ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ukweli huo hauupunguzii mji chochote. Unatuonyesha mji uliokuwa ukijenga, ukiajiri na ukishindana kwa urembo, wakati stori inataka tuuone kama jumba la makumbusho lililogandishwa.

Na hata kibao cha mtaa kina la kusema ukikisoma kwa Kiswahili. Ndia ni njia. Kimvita husema ndia pale tunaposema njia, na ndoo pale tunaposema njoo. Kwa hivyo mtaa wenyewe unakusalimia kwa lahaja yake, lahaja ambayo washairi wake tuliisoma darasani bila kuambiwa wanatoka mtaa gani. Muyaka bin Haji aliishi mji huu zama za Wamazrui, akatunga kuhusu vita na Zanzibar, mapenzi, na visa vya mtaani. Wataalamu humsifu kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Ahmad Nassir, wa *Malenga wa Mvita*, ni wa Mombasa. Mdogo wake, Abdilatif Abdalla, alifungwa 1969 hadi 1972 kwa kuandika *Kenya: Twendapi?*, akatoka na diwani ya *Sauti ya Dhiki*. Profesa Ali Mazrui amelala kwenye makaburi ya ukoo wake, karibu na Ngome, tangu 2014. Saa mbili na ushee, na sikusikia jina hata moja kati ya hayo. Jina la Vasco da Gama nililihesabu mara saba.

Chuo nilikiacha, kwa hivyo usinichukulie kama mtu wa nadharia. Lakini najua mji unaotajwa kwa mizinga yake na si kwa washairi wake umesimuliwa na mtu aliyeutazama akiwa melini.

Sasa nifike kwenye upande mgumu. Ni rahisi kusema mpeni Mswahili vitenzi vyake, tupige makofi, twende nyumbani. Ukimpa mtu vitenzi, huchagui. Pale karibu na Leven House, kwenye ngazi za kushuka baharini, tuliambiwa watumwa walipitishwa hapa. Walipitishwa. Walinunuliwa. Waliuzwa. Jamaa wa Nakuru akauliza, "Na nani?" Jibu likawa Waarabu, halafu tukasonga.

Hapa ile w inafanya kazi nyingine. Inaficha. Watu wa miji ya Pwani, Waswahili wakiwemo, walimiliki watumwa majumbani na mashambani, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria kwenye ukanda huu mpaka 1907. Ng'ambo ya maji, upande wa Kisauni, kuna Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa. Kengele yao ndiyo iliyolipa jina eneo la Kengeleni. Wajukuu na vitukuu vya watu hao ni Wamombasa. Ziara ya urithi haikuvuka daraja la Nyali kuwafuata. Kauli ya kutendwa, kumbe, inawafaa wengi: mgeni anabaki mtendaji mkuu, na mwenyeji anabaki hana kosa.

Ndiyo maana nasema hili si suala la sarufi. Shuleni niliambiwa Waswahili ni mchanganyiko wa Waarabu na Wabantu, kana kwamba ni juisi. Huko bara bado utasikia mtu akisema Waswahili hawana kabila. Kwa miaka mingi Wakenya wa jamii kadhaa, Waswahili wa Pwani wakiwemo, wametakiwa ushahidi wa ziada ili wapate kitambulisho, waonyeshe wao ni wa hapa tangu lini. Sasa fikiria kijana wa Kibokoni amesimama kwenye foleni hiyo, na nje ya dirisha kuna ziara inapita ikieleza kwamba kila kitu mtaani kwao kililetwa na mtu mwingine. Ngome ya Mreno, mlango wa Mhindi, msikiti wa Mwarabu, mahakama ya Mwingereza. Wa kwao ni nini? Joto?

Mombasa ina jibu lake, na ni la zamani. Mapokeo yanamtaja Mwana Mkisi, malkia, kisha Shehe Mvita. Kuna Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili: Thelatha Taifa, yaani Kilindini, Changamwe na Tangana, na Tisa Taifa, ambao ndani yao kuna Wamvita, Wajomvu, na hao hao Wafaza wa Sheikh Daud. Ni mfumo wa siasa uliokaa meza moja na Wamazrui na masultani, ukapatana nao na kugombana nao. Hata bendera ya Waingereza ya 1824, ile ya meli ya Leven, wakuu wa Mombasa ndio walioiomba, kwa sababu walimhofia Seyyid Said. Hiyo nayo ni kauli ya kutenda.

Tulipofika karibu na Bandari ya Kale wazungu waliingia duka la vinyago. Nikamgeukia mzee, safari hii kwa Kiswahili.

"Ami, wewe ni wa taifa gani?"

Alinitazama kidogo. "Mimi Mjomvu, mwanangu. Mamangu Mkilindini."

Basi ikawa kama nimefungua bomba. Akanionyesha baraza ambapo wazee walikuwa wakijibizana kwa mashairi na kahawa chungu. Akanionyesha mama aliyekuwa anapita na leso, akasema neno hilo tulilichukua kwa Wareno, kama meza, "lakini wao hawakuijua leso tuliyoifanya sisi." Tulilichukua. Tuliyoifanya. Kwa dakika kumi sikusikia kitenzi kimoja cha kutendwa. Ziara niliyoitaka ilikuwepo muda wote, ndani ya mtu yule yule.

Nikamuuliza mbona haya hawaambii. Hakukasirika. "Mgeni huja na kitabu chake, mwanangu. Nikimwambia ya Thenashara Taifa, huangalia saa. Nikimwambia ndovu, hucheka. Na akicheka, hutoa bakshishi."

Siwezi kumlaumu kwa hilo. Anauza kinachonunuliwa, na watoto wake wanakula. Lakini sisi si wageni hao. Mkenya anayekwenda pale anaweza kuwa soko lingine, soko linalouliza maswali tofauti, na msimulizi mzuri hufuata swali.

Kwa hivyo hukumu yangu ni hii. Nenda, na ulipe vizuri. Omba ziara kwa Kiswahili kabla hamjatoka hata lango la Ngome. Uliza kuhusu Sheikh Daud na wanawake wale 50. Uliza Muyaka alikaa wapi. Ukipata nafasi, panda matatu uvuke mpaka Kengeleni, kwa sababu ziara haitakupeleka. Na kila ukisikia kilijengwa, kilichomwa, walipitishwa, fanya kama jamaa wa Nakuru: uliza na nani. Jibu la kwanza likiwa fupi sana, uliza tena.