Chokaa Inayoshikilia Mnara wa Bagamoyo

Kanisa la kwanza la misheni ya Bagamoyo lilijengwa mwaka 1872, miaka minne baada ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kuvuka kutoka Zanzibar. Hapo ndipo ulipopokelewa mwili wa David Livingstone, Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Kanisa kubwa lililokamilika mwaka 1914 lilichukua nafasi yake. La zamani limebaki mnara. Wageni huonyeshwa mnara huo kwa ajili ya Livingstone. Mimi naomba tuutazame ukuta.

Mawe ni matumbawe, na kinachoyashika ni chokaa iliyotokana na matumbawe pia. Wachoma chokaa wa pwani hupanga magogo, hurundika mawe juu yake, kisha huwasha moto. Joto likikaribia nyuzi 900, jiwe hupoteza hewa ya kaboni. Likimwagiwa maji huchemka, hufuka mvuke na kuwa unga mweupe, ambao huachwa ulainike kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ikiwa ukutani, chokaa hiyo huivuta tena hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe. Katika ukuta mnene kazi hiyo huchukua miaka, na hakuna namna ya kuiharakisha.

Ukuta wa namna hii hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, na chumvi yake, hutokea kwenye plasta. Plasta huchakaa, hubanduka, hupakwa upya, jiwe husalimika.

Sasa piga saruji juu yake. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji hukwama nyuma yake, chumvi huganda na kusukuma, na plasta ikianguka huondoka na uso wa jiwe. Gusa ukuta uliokarabatiwa hivyo: kiraka cha kijivu kiko imara, ila jiwe la pembeni linakumung'unyikia vidoleni. Inauma zaidi kwa kuwa mwanzoni kiraka hupendeza, na waumini hushukuru.

Kamati za ujenzi za parokia zenye makanisa ya mawe na chokaa, nawasihi: kabla ya kununua mfuko wa saruji, mtafuteni fundi anayeijua chokaa, na mpeni muda anaouhitaji.