Diski mpya, deki ya jana

Oktoba 2007 kampuni ya Fox ilitoa filamu mbili za Blu-ray katika soko la Marekani: The Day After Tomorrow na Fantastic Four: Rise of the Silver Surfer. Wanunuzi wengi walizitazama bila taabu. Waliokuwa na deki ya Samsung BDP-1200 au LG BH100 waliingiza diski, wakasubiri, na filamu haikucheza. Diski haikuwa na mkwaruzo, deki haikuwa mbovu, na zote zilibeba nembo ileile ya Blu-ray. Kilichokosekana ni toleo jipya la programu dhibiti, ile inayokaa ndani ya deki na kuiendesha, na watengenezaji walikuwa bado hawajalitoa.

Kwa aliyekulia kwenye kaseti na DVD, hilo lilikuwa jambo geni. Deki ya DVD ukishainunua, mambo yamekwisha. Itacheza diski ya mwaka huu na ya miaka kumi ijayo. Lakini urahisi huo ndio uliozitia hofu studio za filamu, na ukitaka kuelewa kilichotokea mwaka 2007 lazima uanzie hapo.

DVD iliyotoka mwaka 1996 ililindwa na mfumo wa CSS. Ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa: funguo zake zilikuwa na urefu wa biti 40 tu, kipimo kilichoendana na sheria za Marekani za wakati ule kuhusu kuuza nje teknolojia ya usimbaji. Watengenezaji waligawiwa funguo, na kila diski ilibeba nakala 408 za ufunguo wake, kila nakala ikiwa imefungwa kwa ufunguo tofauti wa deki. Ukiingiza diski, deki inatafuta nakala inayofunguka kwa ufunguo iliopewa. Kwa nadharia, ufunguo wa mtengenezaji fulani ukivuja, studio zingeacha kuweka nakala yake kwenye diski zijazo. Kwa vitendo nani angethubutu? Ufunguo huo umo katika deki za wateja wake wote, na kuufuta ni kuwazimia filamu watu ambao hawakuiba chochote.

Mwaka 1999 ilisambaa programu ya DeCSS, ambayo jina lililofahamika nyuma yake ni la kijana wa Norway wa miaka 15, Jon Lech Johansen. Ufunguo ulikuwa umepatikana ndani ya programu ya kuchezea DVD ya kampuni ya Xing, ambayo haikuuficha vya kutosha. Muda si mrefu Frank Stevenson akachapisha uchambuzi ulioonyesha kuwa hata ufunguo wa kuiba si lazima: hesabu za CSS zilikuwa legevu kiasi kwamba kompyuta ya kawaida ingeweza kuutafuta yenyewe. Johansen alishtakiwa, akaachiwa huru mwaka 2003, rufaa nayo ikashindwa mwaka huohuo. CSS ikabaki kwenye diski kama pambo. (Kanda za DVD nazo zilikuwa vivyo hivyo. Afrika Mashariki iliwekwa kanda ya 5 pamoja na Urusi na India, lakini sijui ni wangapi kwetu waliowahi kuona deki inakataa diski kwa sababu ya kanda.)

Warithi wa DVD, HD DVD na Blu-ray, walipewa mfumo wa AACS. Nyuma yake walikuwepo IBM, Intel, Microsoft, Panasonic, Sony, Toshiba, Disney na Warner. Biti ziliongezwa hadi 128, lakini watu wanaotaja hilo kwanza wanakosa shabaha. Jambo lenyewe ni uwezo wa kumtenga mmoja bila kuwagusa wengine, na hesabu yake ilitoka kwenye kazi ya mwaka 2001 ya Dalit Naor, Moni Naor na Jeff Lotspiech.

Zichukue deki zote duniani uzipange kama ukoo. Chini kabisa kila deki ni mtoto, juu yake wazazi, mababu, mpaka mzizi mmoja. Kila deki inapewa siri za matawi yote ya pembeni. Inachonyimwa ni siri za mstari wake yenyewe, kutoka chini hadi juu. Studio zikitaka kumtenga mmoja, diski mpya zinafungwa kwa siri ya huyohuyo anayetengwa: ukoo mzima unaijua, yeye peke yake haijui. Ni hesabu nzuri mno, na nadhani haijasifiwa inavyostahili. Deki zinazobaki zinapangwa kwa makundi, na sehemu ya diski inayoyaeleza inaitwa MKB, na kila funguo zinapofutwa linatoka toleo jipya la MKB kwenye diski zinazofuata.

Deki inapojikuta kwenye kundi, inakokotoa ufunguo wa kundi hilo. Ufunguo huo unafungua ufunguo wa MKB. Huo ukichanganywa na namba ya siri ya diski, iliyoandikwa kwa namna ambayo mashine ya kawaida ya kuchoma CD na DVD haiwezi kuiiga, ndipo zinapatikana funguo za filamu. Ngazi nne au tano, na kila moja imara.

Desemba 2006 mtu aliyejiita muslix64 alizipita zote bila kuvunja hata moja. Alikuwa amekasirika kwamba filamu aliyoinunua haikuweza kuchezwa kwenye skrini yake, kwa kuwa skrini hiyo haikuwa na ulinzi wa HDCP. Akachungulia kumbukumbu ya kompyuta wakati programu ya kuchezea HD DVD inafanya kazi. Programu lazima iwe na ufunguo wa filamu mkononi ili iicheze, na ulikuwa pale, wazi. Februari 2007 mwingine, arnezami, akapanda ngazi ya juu zaidi na kuupata ufunguo wa kundi. Huo hauhusu filamu moja. Kwa kuwa diski zote za wakati ule zilitumia mpangilio uleule wa makundi, ufunguo mmoja ulifungua kila filamu iliyokuwa imetoka hadi siku hiyo.

Hapo ndipo silaha ya kutenga ilipotumika kwa mara ya kwanza. Aprili 2007 wasimamizi wa AACS walitangaza kuwa funguo za baadhi ya programu za kompyuta zimefutwa, na watumiaji wa programu hizo, WinDVD ikiwamo, wakatakiwa kusasisha. Mbinu iliyofuata inastahili kutazamwa kwa karibu. MKB mpya haibebi makundi tu. Inabeba pia orodha ya programu zisizoaminika tena. Ukiingiza diski mpya kwenye kiendeshi cha kompyuta, kiendeshi kinalinganisha orodha hiyo na ile kiliyonayo. Iliyo kwenye diski ikiwa mpya zaidi, kinainakili kwenye kumbukumbu yake ya kudumu. Tangu hapo, programu iliyofutwa haitapewa namba ya siri ya diski yoyote, hata ya filamu ya zamani uliyoitazama jana yake kwa programu ileile. Hujapakua kitu wala hujabonyeza kukubali. Umenunua filamu na kuiingiza, na mashine yako imebadilika.

Nini kilipatikana? Diski zenye MKB mpya zilipangwa kuingia madukani mwishoni mwa Mei. SlySoft, kampuni ya Antigua, ilikuwa imeshatoa toleo la programu yake linalozifungua takriban wiki moja kabla. Wakati huohuo wanasheria wa AACS walikuwa wakituma barua za kutaka ufunguo wa zamani, herufi na tarakimu 32 tu, uondolewe mtandaoni, na tarehe 1 Mei watumiaji wa Digg wakaujaza kila mahali mpaka wenye tovuti wakasalimu amri. Hesabu ya ukoo haikushindwa. Ilishindwa kalenda: kufuta ufunguo kunataka mikutano, toleo jipya la programu, viwanda vya diski na malori, ilhali anayeutafuta upya anahitaji kompyuta na usiku mmoja mzuri.

Fox ililiona hilo, ndiyo maana ilisubiri mfumo wa BD+, uliokuwamo kwenye zile filamu mbili za Oktoba 2007. Huu ulibuniwa na Cryptography Research, kampuni ya Paul Kocher, na wazo lake ni jingine kabisa: diski yenyewe inabeba programu. Ndani ya kila deki ya Blu-ray mna mashine pepe, kompyuta ya kubuni yenye amri chache, na programu ya diski inaendeshwa humo. Inaipekua deki: ni aina gani, imechezewa? Ikiridhika inatoa jedwali la marekebisho, kwa sababu vipande vya picha vimeharibiwa makusudi kwenye diski, na bila jedwali hilo ukinakili unapata picha iliyovurugika. Mchambuzi mmoja wa Marekani alitabiri kuwa BD+ haitavunjwa kwa miaka 10. Machi 2008 SlySoft ilikuwa inaivunja.

Lakini sasa kila filamu ilikuwa programu mpya, na kila deki ilikuwa na namna yake ya kuiendesha. Kosa dogo kwenye mashine pepe ya mtengenezaji fulani lingekaa kimya miezi, mpaka itoke filamu inayoligusa. Deki za mwanzo za Blu-ray hazikulazimika kuwa na soketi ya intaneti. Mwenye deki isiyo na soketi alitakiwa aende kwenye kompyuta, apakue faili, achome kwenye CD, aingize kwenye deki, kisha akae akiomba umeme usikatike, maana ukikatika katikati deki inaweza kugeuka tofali. Asiyeweza alisubiri CD kwa posta. Deki za HD DVD zote zilikuwa na soketi ya intaneti tangu mwanzo, na huo ndio mfumo ambao Toshiba iliuzika Februari 2008. Hata Aprili 2010, Avatar ilipotoka, wenye deki za chapa mbalimbali waligundua kwamba bila kusasisha hawaitazami.

Kisha likaja sasisho linalopunguza badala ya kuongeza. Cinavia ni alama iliyofichwa ndani ya sauti ya filamu. Sikio haliisikii, na inabaki hata mtu akirekodi kwa kamera ukumbini. Deki iliyoielewa ikikuta alama ya sinema kwenye diski iliyochomwa nyumbani, inazima sauti au inasimamisha filamu na kuandika ujumbe. PlayStation 3 ilipata uwezo huo kupitia sasisho, na kuanzia Februari 2012 kila deki mpya ya Blu-ray yenye leseni ililazimika kuwa nao. Zile kopi za kamera zilizojaa mitaani Afrika Mashariki hazikusumbuka: ziliishi kwenye deki za DVD, ambazo hazikuwa chini ya leseni hiyo. Lakini mwenye PS3 aliyekubali sasisho ili acheze gemu mpya alipoteza kitu ambacho mashine yake ilikifanya jana.

Haishangazi kwamba ilipokuja Blu-ray ya 4K, wajuzi walianza kutafuta viendeshi vyenye programu dhibiti ya zamani na kuonyana wasiguse kitufe cha kusasisha.

Katikati ya Juni 2020 baadhi ya deki za Samsung zilianza kuwaka na kuzima mfululizo, nchi mbalimbali kwa wakati mmoja. Waliochambua programu dhibiti walikuta kisa hakihusu funguo wala unakili. Deki zilikuwa zimepakua zenyewe faili dogo la XML, la kuzielekeza zikusanye taarifa gani za matumizi. Faili lilikuwa na kasoro, deki ikalihifadhi, na kila ilipowashwa ililisoma, ikakwama, ikajizima na kuanza upya kabla haijafika hatua ya kutafuta sasisho la kuiponya. Samsung iliwaambia wateja wa Marekani wazitume kwa posta zitengenezwe bure. Zilizokuwa hazijachomekwa waya wa intaneti wala kuunganishwa na Wi-Fi ziliendelea kucheza filamu.