Preost, Sacerd na Kasisi: Juu ya Majina ya Ukasisi katika Kiingereza cha Kale

Imezoeleka miongoni mwetu kusema kwamba Kiswahili kilikopa maneno ya kanisa kwa kuwa hakikuwa na yake, ilhali Kiingereza, chenye "priest" yake, kilijitosheleza tangu awali. Rai hii haina msingi. Mwenye kutaka kuipima na akitazame Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyosemwa na Waingereza hadi mwaka 1100 hivi.

Baada ya ujumbe wa Augustino kufika Kent mwaka 597, lugha hiyo ilikuwa mkopaji sawa na sisi. "Sacerd", "biscop", "munuc" na "diacon" yametoka katika Kilatini, na nyuma ya mengi yake kipo Kiyunani. Neno "biscop" na neno letu askofu ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili ni "episkopos", moja limepitia kwa Warumi na jingine kwa Waarabu. Kuhusu "preost", wengi hulirejesha kwenye "presbyter", maana yake mzee, ingawa umbo lake halitoki huko kwa wepesi na wako wanaopendekeza "praepositus", yaani msimamizi. Iwapo wa kwanza wana haki, basi limekutana na kasisi kimaana, kwani hilo nalo, kwa njia ya Kiarabu, latokana na neno la Kisiria lenye maana ya mzee.

Kosa la pili, nalo huwanasa hata wasomi, ni kudhani kwamba "preost" ya kale ndiyo "priest" ya leo. Sivyo. "Preost" aliweza kuwa mtu yeyote wa daraja za kanisa asiye mtawa, hata yule asiyeruhusiwa kuadhimisha misa. Ndiyo sababu Ælfric, aliyekuwa abati wa Eynsham tangu mwaka 1005 hivi, anapotaka kumtaja kasisi kamili husema "mæssepreost", preost wa misa. "Sacerd" nalo lilienea upande mwingine, likamhusu kuhani wa Wayahudi, wa Wakristo na wa wapagani pia. Na mfasiri wa kale wa historia ya Beda humwita Coifi, kuhani wa miungu ya mfalme Edwin wa Northumbria, "ealdorbiscop". Anayecheka kwa kuona askofu katika hekalu la masanamu anasoma kwa macho ya leo tu.

Lakini yenye kutufunza zaidi ni maneno waliyoyaunda wenyewe. Wulfstan, askofu mkuu wa York aliyefariki mwaka 1023, hupenda "weofodþegn", mtumishi wa madhabahu. "Þegn" hakuwa mtumishi wa kufagia. Alikuwa mtu wa heshima aliyemtumikia bwana mkubwa na kupewa ardhi. Na "weofod", madhabahu yenyewe, kwa asili ni meza ya sanamu! Upagani ulibatizwa pamoja na msamiati wake. Jina hili halikuwa pambo la mahubiri tu: sheria moja ya watu wa kaskazini yamweka "mæsseþegn" sambamba na "woruldþegn", yule wa kidunia, na diya ya kila mmoja ni thrymsa 2,000. Aliyemwita kasisi þegn alikuwa akiitaja thamani ya damu yake.

Baadaye "sacerd" lilitoweka, na "priest" likabebeshwa mizigo miwili: mzee wa kanisa na mtoa sadaka. Hasara hiyo ilionekana William Tyndale alipolifasiri Agano Jipya. Mwaka 1526 aliandika "senior" penye "presbyteros", na mwaka 1534 "elder". Thomas More akamshambulia vikali, akiona kwamba cheo cha kasisi kinafutwa kwa kalamu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili hawakubanwa hivyo. Walikuwa na kuhani kwa yule wa hekaluni, na katika Waraka wa Yakobo wagonjwa huwaita wazee wa kanisa. Ama padri, tulilopewa na Wareno, lilibaki kinywani mwa waumini bila kuomba ruhusa ya mfasiri yeyote.