Fungua Bodi, Tafuta Ethi

Wiki iliyopita nilitumiwa picha ya chumba kipya cha seva cha ofisi moja hapa Dar, pamoja na sifa tele: kebo zimechanwa kama nywele za bibi harusi, taa za buluu, sakafu inang'aa. Kazi ya kimataifa, wanasema. Bodi ya umeme ikiwa wazi hakuna aliyeipiga picha.

Kebo hata mpambaji wa kumbi anaweza kuzipanga. Ubora wake nao haukupotezei muda: kwangua ncha kwa kisu, na ukiona weupe chini ya wekundu umeuziwa aluminiamu iliyovishwa shaba; funga mlango uende zako. Tepu nyeusi ndani ya bodi ni kukiri kosa. Mifuo ya skrubu isimame wima, yote. Sina sababu, ila sijaona fundi mbovu anayejali jambo hilo.

Panapowashinda wengi ni kwenye ethi. Wanaona nyaya za kijani na njano zipo, rodi ipo nje, basi kazi imekwisha. Lakini seva si pasi. Kila pawa saplai ina filta, na filta hiyo inamwaga umeme kidogo kwenye ethi saa zote, hata mashine ikiwa nzima kabisa. Tuseme miliampia moja. Raki ina seva 20, kila seva pawa saplai mbili: tayari ni 40. Zote zinapita njia moja, na njia hiyo ikikatika, bati la raki linapanda hadi karibu volti 115, nusu ya 230 yetu, na miliampia zote 40 zinamsubiri wa kwanza kushika mlango.

Ndiyo maana BS 7671, kitabu cha Waingereza cha kanuni za nyaya za umeme, ambacho sisi wa zamani bado tunakiita kitabu cha IEE ingawa chama chenyewe kilibadili jina mwaka 2006, hakiridhiki na ethi ya kawaida pale sakiti inapovujisha zaidi ya miliampia 10. Kinataka waya mnene, wa milimita 10 kwa mfano, au nyaya mbili, kila mmoja na tamino yake. Tamino yake, nasema! Nyaya mbili chini ya skrubu moja ni waya mmoja tu, maana skrubu ikilegea zinaondoka pamoja.

Mzee aliyenifunza kazi kule Tanga alipimia kengele ya mlango na betri za tochi, basi. Umeme umezimwa, anafungua ethi ya kwanza: kengele ilie. Anairudisha, anafungua ya pili: ilie tena. Isipolia unarudia sakiti nzima, na chai hunywi. Leo vijana wana mita za bei mbaya, na wanapimia nazo volti za soketi.

Halafu kuna yule bwana, jina namsitiri, aliyeitwa mahali ambapo RCD ya miliampia 30, ile swichi inayokata umeme ukivuja, ilikuwa ikianguka kila asubuhi mashine zote zikiwashwa. Badala ya kugawa sakiti, aliingia na bisibisi, na dakika kumi baadaye RCD ikatulia. Akalipwa, akaongezewa na nauli. Alikuwa ameichomoa ethi. Umeme usipokuwa na pa kuvujia, RCD ione nini? Ofisi ilimsifu miezi mizima kwamba tangu aje haukatiki, hadi kijana wa mtandao alipoanza kulalamika kuwa raki inamtekenya vidole. Niligusisha testa kwenye mlango, ikawaka kama niko kwenye fezi.

Kile chumba cha kwenye picha nilikwenda jana. Meneja akaniuliza, "Fundi, unakionaje?" Nikaomba bodi ifunguliwe. Kila sakiti ilikuwa na ethi mbili, nikakaribia kufurahi. Nikazifuata kwa kidole hadi kwenye baa: ziko mbili mbili chini ya skrubu moja, na matundu sita ya pembeni ni matupu. Skrubu zenyewe zimelala kila upande.