Asili Moja, Maana Mbalimbali: Mitego ya Kilatini Mahakamani

KUNA kauli ambayo nimeisikia mara nyingi miongoni mwa wanafunzi wa tafsiri: ati istilahi za sheria za Ulaya si kazi kubwa kwa sababu nyingi zimetoka katika Kilatini. Ukilijua neno la Kiitaliano, basi umelijua la Kipolandi.

Kauli hiyo ina ukweli nusu. Kiitaliano ni mtoto wa Kilatini, ilhali Kipolandi ni lugha ya Kislavoni iliyokopa tu. Hata hivyo, wakili ni ‘avvocato’ kwa Waitaliano na ‘adwokat’ kwa Wapolandi. Wasia ni ‘testamento’ na ‘testament’. Hapo hakuna utata.

Hebu sasa tutazame ‘sentenza’ na ‘sentencja’. Yote mawili yametokana na ‘sententia’, yaani maoni au uamuzi. Nchini Italia, ‘sentenza’ ni hukumu nzima pamoja na sababu zake. Nchini Poland, hukumu huitwa ‘wyrok’. ‘Sentencja’ ni ile sehemu inayotamka uamuzi wenyewe, bila maelezo ya sababu. Mfasiri akibadilisha moja kwa jingine, msomaji atadhani amepewa kipande cha hukumu kumbe ni hukumu yote. Na anayekata rufaa hupambana hasa na zile sababu!

‘Magistrato’ ni mtego mwingine. Kwa Waitaliano, jaji na mwendesha mashtaka wa serikali wote huitwa hivyo. Kwa Wapolandi, ‘magistrat’ ni ofisi za manispaa. Mkenya naye atakimbilia ‘hakimu’, amwache mwendesha mashtaka nje.

Haya si mambo ya kamusi tu. Tangu 2010, Umoja wa Ulaya una agizo linalompa mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani na kutafsiriwa nyaraka muhimu, hukumu ikiwemo. Tafsiri ikipotoka, haki hiyo inabaki jina tu.

Sisi tunaotumia Kiswahili hatupaswi kushangaa. ‘Wakili’ tulilikopa kutoka Kiarabu, ambako ni mtu anayemwakilisha mwenzake katika shughuli yoyote. Mtetezi wa mahakamani, Waarabu wa leo humwita ‘muhami’. Hakuna anayekwenda kuuliza Kiarabu kazi ya wakili wa Nairobi ni ipi.

Kwa hivyo, mfasiri aanze kwa kuuliza mahakama husika hulitumia neno hilo kwa jambo gani. Kamusi ya Kilatini aifungue baadaye.